Anayejitolea Nchi ya Mbali Awe Chini ya Nani?

Mtu aliyebanwa na kifusi hana siku tano za kumsubiri daktari atoke bara jingine. Anayetolewa akiwa hai kwa kawaida hutolewa na jirani yake, kwa mikono, kwa jeki ya gari, kwa kipande cha nondo kilichookotwa palepale, tena ndani ya siku ya kwanza. Wanaofanya kazi ya tiba ya dharura wanalijua jambo hili tangu zamani. Halijawafikia wauguzi, matabibu na madaktari wengi ambao huona picha za tetemeko au kimbunga usiku, wakaamka asubuhi wakitafuta tiketi ya ndege. Nia yao ni njema na ninaiheshimu. Ninachotaka ni kuzungumza nao kuhusu kazi watakayoikuta wakishashuka, kwa kuwa si ile waliyofungia mizigo, na kuhusu nani anapaswa kuwapangia zamu wakiwa huko.

Tarehe 26 Desemba 2003 tetemeko liliubomoa mji wa Bam, kusini-mashariki mwa Iran. Hospitali za mji zilianguka pamoja na nyumba za udongo. Wairani wenyewe walikusanya ndege na magari, wakawahamishia maelfu ya majeruhi katika hospitali za mikoa mingine. Hospitali za mahema kutoka nje ya nchi zilipokuja kuwa tayari kupokea wagonjwa, wengi wa majeruhi zilizowafuata walikuwa wamekwishaondoka. Johan von Schreeb, daktari wa upasuaji wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, pamoja na wenzake walichunguza hospitali za aina hiyo zilizopelekwa Iran, Haiti ya mwaka 2004, Indonesia baada ya tsunami na Pakistan baada ya tetemeko la 2005. Hawakukuta hata moja iliyowahi kufika kwa ajili ya huduma ya dharura ya siku za mwanzo, kama miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilivyokuwa inataka.

Mwili wenyewe ndio unaoweka saa hiyo. Msuli uliolaliwa na boriti kwa saa kadhaa hufa, na ndani yake hujaa potasiamu na protini iitwayo mayoglobini. Boriti ikiinuliwa damu inarudi, inavibeba vyote viwili na kuvimwaga mwilini. Potasiamu inaweza kuusimamisha moyo papo hapo, mbele ya ndugu waliokuwa wakishangilia kwamba mtu wao ametoka. Mayoglobini huziba figo polepole, na mgonjwa aliyeonekana salama Jumatatu anakuwa hapati mkojo Jumatano. Kinga yake ni maji ya dripu yanayoanzishwa mkononi kabla boriti haijaondolewa. Anayeweza kufanya hivyo ni muuguzi wa zahanati ya mtaa ule, mwenye dripu kabatini. Daktari bingwa wa figo kutoka nje anafaa baadaye, naye anafaa ikiwa tu mashine za kusafisha damu, maji safi na mafundi wake vimekuja kwa mpango mmoja. Tetemeko la Armenia la Desemba 1988 ndilo lililowafundisha madaktari wa figo somo hilo, na baada yake chama chao cha kimataifa kikaunda kikosi maalumu cha majanga.

Kwa hiyo mgeni hufika wakati mwingine wa ugonjwa. Hebu tuutazame wakati huo mahali ambapo ulihesabiwa vizuri.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, mji wa bandari wa Msumbiji wenye watu zaidi ya nusu milioni. Upepo uling'oa mapaa, hata ya Hospitali Kuu ya Beira. Kisha mito Buzi na Pungwe ikafurika, na kwa siku kadhaa barabara kuu ya kwenda bara ilikuwa imekatika. Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600. Uwanja wa ndege ukageuka ofisi ya kila mtu, na timu za tiba zikaanza kushuka kutoka Ulaya, Asia na Afrika Kusini.

Timu hizo zilikubaliana kujaza fomu moja ya kila siku, ile ambayo WHO iliitengeneza kutokana na mifumo ya Ufilipino na Japani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza fomu hiyo kutumika katika janga halisi. Timu 13 ziliandikisha wagonjwa zaidi ya 18,400 kati ya mwisho wa Machi na Julai. Takriban asilimia 85 ya matatizo yaliyoandikwa hayakutokana na kimbunga chenyewe. Watoto wa chini ya miaka mitano waliletwa zaidi kwa kuhara, kwa kifua na kwa malaria. Watu wazima walikuja na majeraha madogo, kuhara na homa. Watoto 94 walizaliwa mikononi mwa timu hizo, na huduma ya uzazi ikawa miongoni mwa kazi kubwa walizofanya.

Nimekaa sana na takwimu hizo. Zinaeleza kliniki ya wilaya, Jumatatu ya kawaida, isipokuwa paa halipo. Mjamzito hasubiri maji yapungue ndipo uchungu uanze. Mwenye kisukari hamalizi haja yake ya insulini kwa sababu duka la dawa limesombwa. Mkoa wa Sofala, ambako Beira ipo, ulikuwa na maambukizi ya VVU kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya sita, na watu wengi walipoteza vidonge na kadi zao za kliniki majini. Kumrudisha mtu kwenye dozi yake ndani ya siku chache kunazuia vifo ambavyo havitatokea kwenye picha yoyote ya gazeti. Mkunga mzoefu, mfamasia anayejua kupanga stoo na muuguzi wa kliniki ya watoto ndio wanaoibeba kazi hiyo. Daktari wa upasuaji aliyejiandaa kwa mifupa iliyovunjika anaweza kukaa wiki nzima akiona mapele ya ngozi, na kama hakulitegemea hilo atavunjika moyo, au vibaya zaidi, atatafuta cha kupasua.

Nasema vibaya zaidi kwa sababu ya Haiti.

Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilipiga saa 10:53 jioni, kitovu chake kikiwa karibu na Léogâne, takriban kilomita 25 magharibi mwa Port-au-Prince. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini hata makadirio ya chini yanatisha. Jengo la wizara ya afya lilianguka. Katika uwanja wa hospitali kuu ya mji, chuo cha uuguzi kiliwaangukia wanafunzi wake. Mamia ya timu zikaja, baadhi zikiwa bora kuliko chochote ambacho nchi ile ilikuwa nacho, nyingine zikiwa ni watu waliojuana kanisani au hospitalini, wakapanda ndege na begi la vifaa. Hapakuwa na mtu wa kuwauliza leseni zao wala wa kuwaambia waende wapi.

Tatizo moja la kitaalamu linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana linaonekana dogo na ndilo linalokata miguu. Jeraha la janga huingia mchanga, saruji, maji ya mtaro na vipande vya nguo. Mhudumu aliyezoea chumba cha dharura chenye maji ya bomba na mgonjwa aliyefika dakika 40 baada ya ajali huona kidonda, akakiosha, akakishona. Nyumbani kwake amefanya sawa. Kwenye kidonda cha saa 30 amefungia vijidudu ndani ya nyama iliyokufa na kuvinyima hewa, jambo ambalo vijidudu vya pepopunda na vya kuozesha misuli vinalipenda. Utaratibu wa vita na majanga ni mwingine: kidonda kinasafishwa kwa maji mengi, nyama iliyokufa inakatwa mpaka ile inayotoa damu, kinaachwa wazi chini ya gozi, kinatazamwa tena, na kinashonwa siku ya tatu hadi ya tano kikiwa kisafi. Chanjo ya pepopunda hutolewa siku hiyohiyo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia uliandikisha wagonjwa 106 wa pepopunda ndani ya wiki chache, na 20 kati yao walikufa kwa ugonjwa ambao sindano ya bei nafuu huuzuia.

Utaratibu huo una sharti moja linalomhukumu mgeni: kuna kurudi. Mtu wa siku ya kwanza awepo siku ya tano, au awe ameandika vizuri kiasi kwamba mwingine ataelewa. Haiti ilijaa wagonjwa waliokuwa na bandeji bila karatasi, na wengine waliokuwa na vyuma vimechomoza mguuni bila mtu wa kujua vilifungwa lini na vitolewe lini. Shirika la Handicap International lilikadiria mwanzoni kwamba waliokatwa viungo walikuwa kati ya 2,000 na 4,000. Baadhi ya viungo hivyo visingeweza kuokolewa na mtu yeyote. Lakini palikuwa pia na kukata kwa mkato mmoja ulionyooka, bila kuacha ngozi na msuli wa kufunika kisiki, na mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuvaa mguu wa bandia mpaka apasuliwe tena. Palikuwa na kukata bila kumweleza mgonjwa kwa lugha yake, Kikrioli, wala kumsubiri mama yake au mume wake afike. Na aliyekata alikuwa na tiketi ya kurudi Jumapili.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayetaka kujitolea halihusu ujuzi wake. Ni nani atampangia kazi, na nani atampokea mgonjwa wake?

Jibu zuri kwa kawaida limekwishavaa koti jeupe palepale. Msumbiji ni mfano mzuri. Tangu mwaka 1984 nchi hiyo inawafundisha wataalamu wa upasuaji wasio madaktari, waitwao kwa Kireno técnicos de cirurgia. Katika hospitali za wilaya wao ndio waliokuwa wakifanya takriban asilimia 90 ya upasuaji mkubwa wa uzazi, na uchunguzi uliolinganisha kazi yao na ya madaktari haukuona tofauti ya maana katika matokeo. Tanzania inawajua watu wa aina hii kwa jina la madaktari wasaidizi, na Kenya ina maafisa tabibu wanaoshika hospitali nzima za kaunti usiku. Daktari bingwa kutoka Turin au Boston anaweza kumwona mtu huyu kama msaidizi wake. Mtu huyu ameshafungua matumbo mengi zaidi kwa taa ya betri kuliko bingwa atakavyofungua maisha yake yote, anajua damu inapatikana kwa nani, na anajua kijiji kipi hakina njia hata kabla ya mafuriko. Mgeni mwenye busara anamwuliza, "Chefe, leo nisimame wapi?" na anasimama hapo.

Wahudumu wenyeji nao ni waathirika. Muuguzi wa Beira aliyeshika wodi wiki ile alikuwa na nyumba isiyo na paa, watoto kwa shangazi, na pengine msiba. Alikuja kazini hivyohivyo. Kitu ambacho timu ya kigeni inaweza kumpa, na ambacho hakuna mwingine wa kumpa, ni usingizi: kuishika zamu ya usiku kwa wiki mbili, kwa taratibu zake na kwa daftari lake, ili yeye akaezeke paa na kuwazika wake. Nimeona mipango mingi ya misaada ikihesabu vitanda na dawa. Michache sana inahesabu saa za mapumziko za wenyeji. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha timu iliyofaa. Timu inayojenga hema lake pembeni ya hospitali, ikawachukua wauguzi wa hospitali hiyo kuwa wakalimani kwa posho inayozidi mshahara wao, imeivunja hospitali ambayo kimbunga kiliiacha imesimama.

Madhara ya fedha yanafika mbali kuliko tunavyodhani. Port-au-Prince kulikuwa na hospitali binafsi iliyofungua milango na kuwatibu majeruhi bure baada ya tetemeko. Miezi michache baadaye ilifunga. Haikulipwa gharama zake, na wagonjwa waliobaki walikuwa na kliniki za bure za wageni kila kona. Wageni walipoondoka, vitanda vile havikuwepo tena. Tiba ya bure wakati wa janga ni haki ya watu na sitaki ikomeshwe. Nataka fedha za kuitoa zipitie pia kwa waliokuwepo jana na watakaokuwepo mwaka kesho.

Kuhusu dawa nitasema kidogo, maana yamesemwa sana na bado watu wanabeba. Aceh ilipokea takriban tani 4,000 za dawa kwa watu wasiofika milioni mbili, nyingi zikiwa haziko kwenye orodha ya dawa muhimu, na nyingi zikiwa na maandishi ya lugha ambazo hakuna mfamasia wa pale aliyezisoma. Kuchoma na kufukia dawa ni kazi ya gharama. Usibebe sampuli za hospitali yako.

Kipindupindu kinahitaji nafasi yake, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wanaojitolea hawalipendi: mgeni naye huweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, kipindupindu kililipuka kando ya mto Artibonite nchini Haiti, nchi ambayo haikuwa na kumbukumbu ya ugonjwa huo. Kilitoka kwenye kinyesi cha kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, kilichoingia kwenye kijito. Watu zaidi ya 800,000 waliugua na karibu 10,000 walikufa. Umoja wa Mataifa ulikana kwa miaka. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Waliokileta walikuwa wamekuja kusaidia. Choo cha timu yako, kwa hiyo, ni suala la kitabibu la daraja moja na chumba chako cha upasuaji, na mtu anayekijenga ni mwanachama kamili wa timu.

Beira mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi 2019, siku 12 baada ya Idai. Eneo lile lilikuwa linaujua ugonjwa huo, kwa hiyo watu walikuwa wanautazamia. Karibu dozi 900,000 za chanjo ya kunywa zilitolewa kwenye akiba ya dunia, na kampeni ikaanza tarehe 3 Aprili. Watu zaidi ya 800,000 walichanjwa ndani ya siku chache. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 6,700, na waliokufa ni wanane. Wanane! Kampeni ile ilibebwa na wizara ya afya, na wahamasishaji wa mitaa waliopita mlango kwa mlango katika maji ya magotini, wakizungumza Kisena na Kindau. Wageni walileta chanjo, maabara, vitanda vya kipindupindu na ushauri, kisha wakazijaza nafasi walizopangiwa. Ndipo nilipojiridhisha kwamba tofauti ya Port-au-Prince na Beira haikuwa wingi wa upendo wa waliokuja.

Sehemu ya tofauti hiyo ilitengenezwa makusudi. Baada ya aibu ya Haiti, wataalamu walikutana Cuba Desemba 2010, nchi ambayo brigedi yake ya madaktari ilikuwa Haiti kabla ya tetemeko na iliendelea kubaki. Mwaka 2013 WHO ikatoa madaraja ya timu za tiba za kigeni. Timu ya daraja la kwanza inayohamahama iweze kuona wagonjwa wa nje wasiopungua 50 kwa siku. Iliyotulia mahali pamoja, 100. Daraja la pili iwe na vitanda 20 au zaidi, ifanye upasuaji mkubwa saba au mdogo 15 kwa siku, usiku na mchana. Kila timu ije na chakula chake, maji yake, umeme wake na vyoo vyake, kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, isimpunguzie mwenyeji hata chupa ya maji. Na kila timu ijiandikishe kwenye kitengo cha uratibu kilicho chini ya wizara ya afya ya nchi iliyoathirika, ambacho kina haki ya kusema: wewe nenda Dondo, wewe hatukuhitaji, rudi.

Neno "rudi" linauma, na wengine wamelilalamikia wakisema urasimu unaua. Nauelewa uchungu wao. Haiti yenyewe ilionyesha upande huo pia, pale ndege ya Madaktari Wasio na Mipaka iliyobeba hospitali ya kujazwa upepo ilipozuiwa kutua Port-au-Prince na kupelekwa Jamhuri ya Dominika, na vifaa vikaja kwa barabara kwa kuchelewa. Hata hivyo ukitazama kwa makini utaona kwamba uwanja ulikuwa na njia moja ya kurukia, na kila ndege iliyobeba waliojituma ilikuwa mahali pa ndege nyingine. Wasioalikwa nao walikuwa sehemu ya foleni.

Sasa nije kwetu, maana hatuko pembeni ya jambo hili. Idai ilipotokea Tanzania ilipeleka dawa na chakula kwa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Kimbunga Freddy kilipoleta maporomoko ya udongo Blantyre mwezi Machi 2023, huku Malawi ikiwa tayari katikati ya mlipuko wa kipindupindu uliokuja kuua watu zaidi ya 1,700, Tanzania ilipeleka tena misaada. Magunia na makasha huenda haraka. Watu wa kada ya afya hawaendi kwa urahisi huo, ingawa Afrika imekwishathibitisha kwamba inaweza: wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, mwaka 2014 na 2015, Umoja wa Afrika ulipeleka mamia ya wahudumu wa kujitolea, wakiwemo Wakenya, Waganda na Wakongo waliokuwa wamekwishapambana na ugonjwa huo kwao. Kutokana na uzoefu ule kituo cha umoja huo cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kikaanzisha kikosi chake cha kujitolea.

Tunacho kitu ambacho timu za Ulaya haziwezi kukinunua. Wiki sita baada ya Idai, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Komoro na kutua Cabo Delgado. Kiliharibu Ibo, Quissanga na Macomia. Ibo na Quissanga wanazungumza Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na kuelekea Palma na mpaka wa Ruvuma Kiswahili chenyewe hutumika sokoni na misikitini. Mkunga wa Mtwara au wa Lamu angekaa na mama wa Ibo akamwuliza damu imeanza lini, mtoto anacheza au hachezi, na angejibiwa. Timu yenye mahema ya mamilioni ilihitaji wakalimani wawili, mmoja wa Kiingereza kwenda Kireno na mwingine wa Kireno kwenda Kimwani, na kila daraja la ukalimani linadondosha neno moja la hatari. Mkunga huyo pia amezoea malaria kwa mjamzito, upungufu wa damu, stoo iliyoishiwa na rufaa ya saa sita kwa boti. Hahitaji kufundishwa mazingira.

Kinachomkwamisha ni karatasi. Baraza lake la uuguzi halina utaratibu wa kutoa uthibitisho wa leseni ndani ya saa 24. Mwajiri wake, ambaye pengine ni halmashauri, hana kifungu cha kumwachia kwa wiki tatu bila kumkata mshahara, na hana mtu wa kushika nafasi yake, jambo ambalo ni zito kwa kituo chenye wakunga wawili. Hana bima ya kuugua akiwa huko. Hana timu: anaijua kazi, lakini hajawahi kuifanya na mfamasia, fundi maji na mtaalamu wa mazoezi tiba aliowazoea, na timu zinazokutana kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege hupoteza wiki nzima kujuana. Kama serikali zetu zinataka kusaidia majirani kwa kitu kinachozidi magunia, hapo ndipo pa kuanzia, na ni kazi ya ofisi, si ya ujasiri.

Kwa anayesoma hapa na bado anataka kwenda, nina maswali ambayo ningemwuliza uso kwa uso. Je, umekwishajiandikisha na chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi yako, au na shirika lenye timu inayotambuliwa, kabla ya janga? Umechanjwa kipindupindu, homa ya manjano, pepopunda na homa ya ini, na una dawa zako mwenyewe za kukutosha? Unaweza kutoa nusu kaputi kwa ketamini bila mashine? Ukipewa kazi ya kuhesabu vidonge kwa siku tisa, utaihesabu kwa moyo? Utaweka simu mfukoni mbele ya mgonjwa aliyevuliwa nguo? Na nyumbani, nani atakusikiliza ukirudi ukiwa hulali? Wanaorudi kutoka kwenye kazi hizi wengi hupita kipindi kizito, nao hawana wodi ya kuwapokea.

Halafu kuna siku ya kuondoka, ambayo ipangwe siku ya kufika. Kila mgonjwa aliyelazwa awe na jina la mwenyeji atakayempokea, na mwenyeji huyo awe amemwona kitandani, sio kwenye orodha tu. Kila aliyekatwa kiungo awe ameandikishwa kwa mtaalamu wa viungo bandia na wa mazoezi, kwa kuwa kisiki kinataka kufungwa vizuri na viungo kunyooshwa kuanzia wiki ya kwanza. Mtoto anayekua atahitaji mguu mpya karibu kila mwaka hadi atakapofikia utu uzima. Mashine itakayoachwa iachwe na vipuri, na fundi aliyekwishaifungua kwa mikono yake. Mafaili yabaki hospitalini, kwa lugha ya hospitali hiyo.

Msimu wa vimbunga upande huu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Mabaraza ya taaluma ya Dodoma na Nairobi yana majina, namba za leseni na anwani za wakunga, wauguzi na matabibu wote wa nchi zao. Kuchuja wanaozungumza Kireno au Kimwani, waliokwisha kufanya kazi kwenye mlipuko wa kipindupindu, na ambao waajiri wao wamekubali kwa maandishi kuwaachia, kunahitaji wiki chache za makarani wawili. Orodha hiyo ingepelekwa Maputo, Lilongwe na Moroni kila Oktoba, na wizara za huko ndizo zingechagua nani aje, lini, na awe chini ya nani.